Jinsi ya Kuchagua Chuo cha Kusomea Uuguzi Tabibu wa Afya ya Akili Marekani: Mwongozo Kamili

Muuguzi tabibu wa afya ya akili, ambaye Marekani hujulikana kwa herufi PMHNP, hufanya kazi ambayo wengi wetu tulizoea kudhani ni ya daktari peke yake. Anampima mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anatoa tiba ya mazungumzo, na katika majimbo mengi anaweza kufungua kliniki yake bila daktari wa kumsimamia. Kufika hapo ni lazima usome shahada ya uzamili au uzamivu, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Vyuo ni vingi, matangazo hayaishi, na kila kimoja kinajisifu.

Niseme msimamo wangu mapema. Chagua chuo kwa kuangalia kwanza mafunzo yake ya vitendo. Jina la chuo, nafasi yake kwenye orodha za magazeti, hata ada, vifuate baadaye. Masomo ya darasani yanafanana kwa kiasi kikubwa kwa sababu masharti ya mtihani wa taifa ni yale yale kwa wote. Tofauti kubwa iko kwa mtu atakayekaa na wewe chumba kimoja na mgonjwa anayesikia sauti, na kama mtu huyo atakuwepo kweli siku ikifika.

Hatua ya kwanza: jua unaanzia wapi

Kama una leseni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, na shahada ya kwanza ya uuguzi, njia yako ni fupi: uzamili, yaani MSN, ambao huchukua kama miaka miwili ukisoma muda wote, au mitatu ukisoma huku unafanya kazi. Kama una RN kwa stashahada, tafuta vyuo vyenye daraja la kutoka RN hadi MSN. Kama wewe tayari ni muuguzi tabibu wa fani nyingine, mathalani afya ya familia, usirudie uzamili mzima. Iko cheti cha baada ya uzamili: chuo kinapitia transkripti zako, kinaona ulichokwisha kusoma, kisha kinakupa yale yaliyopungua tu. Na kama una shahada ya fani nyingine kabisa, vipo vyuo vichache vinavyokuchukua, vinakupitisha kwanza kwenye uuguzi wa kawaida hadi upate RN, kisha mnaendelea.

Uliyesomea uuguzi nje ya Marekani, mlango wako wa kwanza ni leseni ya RN: transkripti zitathminiwe, kisha mtihani wa leseni hiyo, NCLEX-RN. Hakuna chuo cha PMHNP kitakachokuruhusu umguse mgonjwa bila leseni hiyo.

Utasikia watu wakisema uzamivu, yaani DNP, umekuwa lazima tangu 2025. Si kweli. Chama cha vyuo vya uuguzi, AACN, kilipendekeza hivyo mwaka 2004, na mwaka 2018 shirika la walimu wa wauguzi tabibu, NONPF, likaweka 2025 kuwa lengo lake. Pendekezo likabaki pendekezo. Mtihani wa taifa unampokea mwenye uzamili, na leseni anapata. Wanaolazimika kusoma hadi uzamivu ni wauguzi wa nusu kaputi wanaoanza masomo sasa, na nadhani mkanganyiko umetoka huko. Kwa maoni yangu, kama shauku yako ni kutibu watu, soma MSN uingie kazini. DNP inakufaa ukitaka kufundisha chuoni au kuongoza taasisi, au pale ambapo chuo bora kilicho karibu nawe kinatoa DNP tu.

Jambo jingine la kujiuliza kabla ya kuomba: umewahi kufanya kazi wodi ya magonjwa ya akili? Vyuo vingine havidai. Mimi ningekuomba uende huko angalau mwaka mmoja. Mfikirie mgonjwa aliyeanzishiwa juzi haloperidol, dawa ya kutibu saikosi. Leo hatulii kitini, anasimama, anakaa, anapigapiga miguu, anasema anahisi kutoka nje ya ngozi yake. Muuguzi aliyezoea wodi atatambua kwamba ni dawa yenyewe inayomsumbua. Hali hiyo huitwa akathisia. Asiyewahi kuiona atasema ugonjwa umepanda, na atamwongezea dawa ile ile. Somo la aina hii linaingia vizuri zaidi ukiwa zamu ya usiku, mwalimu mwingine yupo pembeni, na kalamu ya kuandika dawa bado haijawa mkononi mwako.

Hatua ya pili: anza na jimbo, ndipo uje kwenye chuo

Jiulize utaishi wapi ukimaliza. Swali hili linaamua mengi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kila jimbo lina sheria zake kuhusu muuguzi tabibu. Zaidi ya nusu ya majimbo yanampa mamlaka kamili; Arizona, Oregon, Washington na New Mexico ni kati yake. New York inakutaka kwanza ufikishe saa 3,600 za kazi ndipo ujitegemee. California inafungua mlango kidogokidogo chini ya sheria ya AB 890 iliyopitishwa mwaka 2020. Texas huandiki dawa bila mkataba na daktari aliyekukasimia mamlaka hayo. Florida ilipitisha sheria ya kujitegemea mwaka 2020, lakini imelenga huduma za afya ya msingi, kwa hiyo PMHNP hakuingia. Ndoto ya kliniki yako mwenyewe inategemea mstari wa mpaka wa jimbo.

Sasa uje kwenye chuo. Ukisoma mtandaoni, chuo kinaweza kuwa jimbo moja na wewe ukawa jingine, na kukubaliwa na chuo hakumaanishi kwamba bodi ya uuguzi ya jimbo lako inakitambua chuo hicho. Tangu tarehe 1 Julai 2024, kanuni za serikali kuu zinavitaka vyuo vinavyopokea mikopo ya serikali vihakikishe kwamba programu zao zinakidhi masharti ya leseni ya jimbo mwanafunzi aliko. Kila chuo kina ukurasa wa masuala hayo. Utafute, usome jina la jimbo lako kwa macho yako. Kisha pigia simu bodi ya jimbo lako, uulize tena. California, New York na Washington zina taratibu zao za ziada kwa vyuo vya nje vinavyotaka kuleta wanafunzi kwenye kliniki zao, na si kila chuo kimejisumbua kuzifuata.

Na kuna mtego mmoja mdogo. Majimbo zaidi ya arobaini yako kwenye mkataba wa leseni moja ya RN, basi mtu huona yuko huru kuvuka mipaka. Mkataba ule ni wa RN. Leseni ya muuguzi tabibu utaiomba jimbo kwa jimbo.

Hatua ya tatu: ithibati

Hapa usipoteze muda mrefu, lakini usiruke. Programu lazima iwe na ithibati ya kimojawapo cha vyombo vinavyokagua programu za uuguzi: CCNE, ACEN au NLN CNEA. Bila hiyo huruhusiwi kufanya mtihani wa taifa. Usitegemee nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo. Fungua tovuti ya chombo chenyewe cha ithibati utafute jina. Angalia pia ni programu ipi iliyothibitishwa, maana chuo kinaweza kuwa na ithibati ya MSN huku cheti chake cha baada ya uzamili kikiwa bado kinasubiri.

Hatua ya nne: soma masharti ya mtihani kabla ya kusoma kijarida cha chuo

Mtihani wa taifa unaofanywa na wengi ni wa ANCC, shirika linalotoa vyeti vya wauguzi, na siku hizi shirika jingine, AANPCB, nalo lina wake. ANCC inakutaka uwe umesoma kozi tatu kamili, kila moja peke yake: patofiziolojia ya juu, famakolojia ya juu, na upimaji wa mwili wa juu. Inataka uwe umejifunza angalau aina mbili za tiba ya mazungumzo. Na inataka saa zisizopungua 500 za kliniki chini ya usimamizi wa chuo, katika fani hii hii ya akili. Viwango vya kitaifa vya elimu ya wauguzi tabibu vilivyotolewa 2022 vimepandisha kiwango hadi saa 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Ukiona chuo bado kinajivunia saa 500 tu, uliza kwa nini.

Cheti cha PMHNP kinahusu umri wote wa binadamu, kuanzia mtoto hadi mzee. Zamani vyeti vilitenganishwa, wa watu wazima peke yao na wa familia peke yao, hadi mwafaka wa kitaifa wa 2008 ulipoelekeza viunganishwe. Kwa hiyo chuo kinachokupitisha kwa watu wazima tu, mwanzo hadi mwisho, hakikuandai kwa leseni utakayobeba.

Omba kiwango cha kufaulu mtihani kwa miaka mitatu iliyopita, wanaofanya mara ya kwanza. CCNE inatarajia asilimia 80 au zaidi. Halafu uliza swali la pili, ambalo watu husahau: katika kila wanafunzi mia walioanza, wangapi walimaliza? Chuo kinaweza kuonyesha asilimia 95 ya kufaulu huku theluthi ya darasa ikiwa ilishaachwa njiani.

Hatua ya tano: nani anatafuta msimamizi wa kliniki?

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo masomo ya watu wengi yanapokwamia.

Saa zako za kliniki utazifanya chini ya msimamizi, ambaye ni PMHNP au daktari wa magonjwa ya akili anayefanya kazi kwenye kliniki au hospitali. Kuna vyuo vinavyokutafutia msimamizi na kukupangia pa kwenda. Kuna vinavyokuachia utafute mwenyewe. Na kuna vilivyo katikati, ambavyo lugha yake imetengenezwa ili usijue viko wapi.

Piga simu ofisi ya udahili. Karibu wote watakujibu kwamba wanamsaidia mwanafunzi kupata nafasi. Neno “kusaidia” linaweza kumaanisha mtu wa chuo atakayekupigia simu hospitali hadi mlango ufunguke. Linaweza pia kumaanisha orodha ya barua pepe za zamani, nusu yake wahusika wameshahama. Basi usiishie hapo. Uliza hivi: muhula uliopita, ni wanafunzi wangapi wa PMHNP katika jimbo langu waliochelewa kuhitimu kwa kukosa msimamizi? Nikitafuta nikakosa, nani ana wajibu, mimi au chuo? Ada ya muhula huo nitailipa? Naomba mnisomee kifungu cha kitabu cha mwanafunzi kinachosema hivyo. Afisa anayejiamini atakifungua na kukusomea. Anayebabaika amekwisha kukujibu.

Ujue pia kwamba una haki ya kuuliza kwa ukali kidogo. Viwango vya CCNE vinasema programu ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha maeneo ya kliniki yanatosha na yanafaa. Mwanafunzi anayepiga simu mia moja huku chuo kimekaa kimya anabeba mzigo usio wake.

Uhaba huu umezaa biashara. Kuna kampuni zinazokuunganisha na msimamizi kwa malipo, na kuna wasimamizi wanaotoza wenyewe kwa saa. Si lazima ujione mwenye hatia ukilipa kwa kubanwa, lakini gharama hiyo iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Tuseme chuo A kina krediti 50 kwa dola 900 kila moja, jumla 45,000, na kinakutafutia msimamizi. Chuo B kina krediti 48 kwa dola 700, jumla 33,600, nacho hakikutafutii. Ukilipia saa 750 kwa dola 10, umeongeza 7,500, unakuwa 41,100. Ukikosa msimamizi muhula mmoja tu, umepoteza miezi ya mshahara mpya, na chuo B kimeshakuwa ghali kuliko A.

Baada ya kupata jibu la nani anatafuta, uliza utapelekwa wapi. Utaona watoto? Vijana? Wazee wenye shida ya kumbukumbu? Kuna wodi ya kulaza, au ni kliniki ya nje tu? Kuna kituo cha uraibu? Tangu sheria ya Desemba 2022 ilipofuta kibali maalumu cha kuandika buprenorphine, muuguzi tabibu mwenye usajili wa DEA, idara ya serikali kuu inayodhibiti dawa za kulevya, anaweza kumtibu mwenye uraibu wa afyuni ofisini kwake. Itakuwa hasara kumaliza chuo hujawahi kumwona mtu huyo akianzishiwa dawa. Na saa za tiba ya mazungumzo ni ngapi? Vyuo vingi vimegeuza kazi hii kuwa ya dawa tu, dakika kumi na tano kila mgonjwa. Hildegard Peplau, aliyeanzisha programu ya kwanza ya shahada ya juu ya wauguzi bingwa wa magonjwa ya akili pale Rutgers mwaka 1954, alijenga fani nzima juu ya uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa. Mimi siwezi kukishauri chuo kilichotupa urithi huo.

Uliza pia kama kliniki zitakuwa za ana kwa ana. Saa za kwenye video zina nafasi yake, hasa kwa wagonjwa wa mbali, ila zisiwe zote. Kamera haikuonyeshi mwendo wa mgonjwa akiingia, wala haikupi harufu ya pombe.

Kwa nini msimamizi ana uzito wote huu? Chukua mfano. Mama wa miaka hamsini na kitu, ana ugonjwa wa baipola, ametulia miaka mingi kwa dawa ya lithiamu. Leo amekuja mikono inatetemeka, anaharisha, maneno yanatoka taratibu. Mwanafunzi anaelekea kuandika “wasiwasi”. Msimamizi mzuri hamkatizi. Anamgeukia mama, anamuuliza: umeanza dawa yoyote mpya, hata ya dukani? Ndiyo, ibuprofen ya mgongo, kila siku, wiki mbili sasa. Ibuprofen inapunguza kasi ya figo kutoa lithiamu, lithiamu inarundikana kwenye damu. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni kati ya 0.6 na 1.2 mEq/L, na nafasi kati ya tiba na sumu ni finyu mno. Mama anapelekwa kupimwa damu siku hiyo hiyo, kiwango cha lithiamu na figo. Mgonjwa akishatoka, msimamizi anamuuliza mwanafunzi ni kozi gani kati ya zile tatu za lazima ilikuwa na jibu hili. Zote tatu zilikuwa nalo. Msimamizi mwenye wagonjwa thelathini kwa siku na mwanafunzi aliyekaa kona akitazama hana muda wa kufundisha hivyo. Ndiyo maana uliza chuo: mwalimu wenu hutembelea kliniki mara ngapi, na mwanafunzi akisema msimamizi hamfundishi, mnafanya nini?

Hatua ya sita: fedha

Piga hesabu ya jumla, siyo ya krediti. Weka ada za teknolojia, za maabara, safari za kwenda chuoni kwa wiki za lazima, chanjo, uchunguzi wa rekodi ya polisi, vitabu, mtihani wenyewe, na zamu utakazopunguza kazini ukianza kliniki. Hili la mwisho ndilo huumiza zaidi, maana saa za kliniki kwa kawaida hazilipwi.

Mikopo imebadilika. Kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, mkopo wa serikali wa Grad PLUS unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na mwanafunzi wa shahada za juu amewekewa ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka, jumla 100,000. Programu zilizowekwa kundi la taaluma zina ukomo mkubwa zaidi. Omba ofisi ya fedha ya chuo ikujibu kwa maandishi programu yako iko kundi lipi. Mwenye kadi ya kijani anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo, kama raia. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi.

Upande wa unafuu, usiipite HRSA, wakala wa serikali kuu wa huduma za afya. Mpango wake wa Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa anayefanya kazi miaka miwili kwenye kituo chenye uhaba mkubwa, na asilimia 25 nyingine akiongeza mwaka wa tatu. Afya ya akili ni kati ya maeneo wanayoyatafuta. Mwajiri wako wa sasa naye huenda analipia masomo. Soma mkataba uone atakufunga miaka mingapi.

Ili upate kipimo cha deni: kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023, mshahara wa kati wa wauguzi tabibu wa fani zote ulikuwa dola 126,260 kwa mwaka. Deni linalozidi mshahara wa mwaka mmoja lifikirie mara mbili.

Hatua ya saba: ongea na waliomaliza, kisha omba

Usiongee na waliochaguliwa na chuo peke yao. Ingia LinkedIn, tafuta PMHNP waliohitimu hapo ndani ya miaka miwili, waandikie watatu au wanne. Waulize siku yao ya kwanza kazini ilikuwaje, na kama wangerudi chuo hicho hicho. Wauguzi husema ukweli wakiulizwa kwa heshima.

Maombi yenyewe hayana siri kubwa: transkripti, barua mbili au tatu za wanaoijua kazi yako, na insha. Kwenye insha achana na sentensi za kupenda kusaidia watu. Andika mgonjwa mmoja aliyekubadilisha fikra, bila kumtambulisha, na eleza ulichoshindwa kumfanyia kwa mamlaka ya RN. Omba vyuo vitatu au vinne ulivyovichuja vizuri.

Ukikubaliwa, kabla ya kulipa fedha ya kushika nafasi, hakikisha una maandishi matatu mkononi: sera ya nani anatafuta msimamizi, uthibitisho kwamba programu inakubalika katika jimbo lako, na gharama yote hadi kuhitimu. Kisha anza kazi ya kliniki mapema kuliko unavyoambiwa. Hata msimamizi akikubali leo, chuo na hospitali lazima watie saini mkataba, na mkataba hupita kwa wanasheria wa pande zote mbili; huweza kuchukua miezi. Peleka jina la msimamizi chuoni muhula mmoja au miwili kabla, omba jina la mtu anayeushughulikia mkataba huo, na kila baada ya wiki mbili mpigie umuulize umefika meza ya nani.